Chenga

Saa sita na robo, Kibokoni.
Jua limesimama utosini, halina kivuli hata cha kukopesha.
Kuta zimepakwa chokaa jana kwa ajili ya harusi,
kanzu zimetiwa buluu, zikapigwa pasi mara mbili,
nami niko juu ya paa la kina Faswihi,
rimoti mikononi, jasho machoni.

Droni inapanda, inalia kama mashine ya kinyozi.
Kwenye kioo naona ziwa la maziwa,
mabwana wasio na kola wala mabega,
na kile kilima cha mwanga kilicho pembeni
kimeegemea ukuta wa kulia kama mlevi.

Maana yake nyeupe imeungua.
Mzee Kazungu, aliyepiga picha za pasipoti Makadara
hadi vidole vikanuka dawa,
alinifunza hivi:
giza waweza kulibembeleza,
ila nuru ni kama maji,
ikimwagika haizoleki.

Nikaishusha. Nikalivisha jicho lake kioo cheusi.
Aiso mia, isizidi.
Shata moja kwa hamsini, watu watembee laini,
wasirukeruke kama kuku.
Kisha nikaufunga mwanga palepale,
kwani droni ukiiacha ijiamulie
ikipita juu ya mabati hufumba,
ikipita juu ya uchochoro hufumbua,
na filamu nzima huhema kama mgonjwa wa pumu.

Ikapanda tena.
Sasa naona mishono.
Naona tarizi shingoni mwa bwana harusi,
naona viua vya kofia, kimoja kimoja,
naona hata ufa katika chokaa mpya.
Nikajisifu peke yangu juu ya paa, kwa sauti.

Wiki mbili baadaye akaingia dukani Bi Khultum,
nyanyake Faswihi,
flashi yangu ameifunga kwenye fundo la leso.
"Mwanangu, nipeleke pale barazani. Simamisha."
Nikasimamisha.
"Haya. Mimi ni yupi?"

Pale barazani, walipoketi kina mama wanane na mabuibui yao,
palikuwa na weusi mmoja tu,
mlango ulioachwa wazi usiku.

"Mato yangu yako wapi?
Mchele nimetoa mimi. Ng'ombe nimetoa mimi.
Huu ukuta haukutoa hata kitunguu,
nao tazama unavyong'ara!"

Sikujibu. Nikafungua kompyuta,
nikaanza kukiinua kivuli polepole,
kama unavyomwinua mgonjwa anywe uji.
Likaja shavu.
Kikaja kipini.
Yakaja mato, kweli, mawili, yananitazama.
Lakini yalikuja na vijipunje, vyekundu, vya kijani,
vikimtambaa usoni, havitulii.

"Na hivi ni nini?"
"Chenga, Bi."

Akacheka hadi akashika meza.
"Mchele wangu ulikuwa mzima, punje ndefu,
muulize yeyote aliyekula.
Chenga umeleta wewe."

Akaondoka na flashi yake. Pesa hakudai.
Ingekuwa nafuu angedai.

Siku hizi, kabla sijairusha,
nashuka kwanza kwa miguu.
Naketi barazani, nanywa kahawa niliyopewa,
nawahesabu walio kivulini,
nauliza nani katoa mchele.
Nikiweza, nawaomba wangoje hadi saa kumi.
Wakikataa, nasukuma kilima kuelekea kulia,
kidogo, halafu kidogo tena,
mpaka kipini kionekane.

Mzee Kazungu angenigombeza, najua.
Chokaa inaungua, naiona inaungua.
Na iungue.
Ukuta hautakuja dukani
na flashi kwenye fundo la leso.