Mvua ya Kopo

Mwaka jana korongo lilikula mbegu zangu zote.
Mtama niliopanda Handali
ulikuja kuota barabarani, kwenye tope la watu,
mbuzi wa Ndahani wakautafuna bila kuuliza mwenyewe.

Basi mwaka huu, mwezi wa kumi,
ardhi ikiwa bado ngumu kama kigae,
nilibeba ndoo mbili za udongo kutoka shambani,
udongo ule ule, na ubishi wake,
nikaumwaga uani, nyuma ya jiko,
nikaupa mwinamo wa shamba.
Nilipima kwa chupa ya maji niliyoilaza chini.

Nikalima kwa kijiko.
Matuta ya kimo cha kidole.
Njiti za kiberiti zikasimama badala ya mtama.
Kisha nikatoboa kopo la mafuta kwa msumari,
matundu thelathini na moja, Malogo aliyahesabu,
nikainua mkono,
nikanyesha.

Mume wangu alicheka hadi akashika mlango:
"Mvua ya Ugogo haitoki kwenye kopo!"
Sikumjibu. Nilikuwa naitazama kona ya chini
ambako tuta lilianza kuloa kama kola ya shati,
likavimba,
likaachia.

Afadhali lipasukie hapa,
kwenye shamba la kuzolewa kwa koleo.

Siku ya pili niliyakingamisha matuta. Yakapasuka katikati.
Siku ya nne niliacha mlango mdogo ubavuni,
maji ya ziada yatoke bila kuvunja nyumba.
(Yalikuwa maji ya kuoshea vyombo.
Dumu tunanunua, siwezi kuchezea ya kunywa.)
Siku ya sita njiti zilisimama, zote ila moja,
nami nikaitazama hiyo moja
kuliko zile zilizosimama.

Wala sikukimbilia ekari mbili.
Nililima hatua kumi kwa hatua kumi, nikangoja.

Mvua ya kwanza ya Desemba ilikuja usiku,
ikilipiga bati kama inadai deni.
Nilitoka na jembe. Mume wangu akanifuata na tochi,
hakuna aliyemwita.
Matuta yalishika. Mlango ulitema povu na takataka
kama nilivyoupangia.
Halafu, pale nisipopadhani,
maji yakazama kimyakimya, yakazukia upande wa pili:
fuko alikuwa amepitisha njia yake chini ya tuta la tatu.

Shamba langu la uani halikuwa na fuko.

Tuliziba kwa gunia na matope hadi alfajiri.
Tuta moja lilikwenda. Mengine yapo.

Asubuhi alinikuta nimechuchumaa nyuma ya jiko,
nachomeka sindano ya magunia chini ya matuta ya kidole,
naichomoa, naacha tundu.
Akaingia ndani. Akarudi na kopo, limejaa, linavuja,
linamlowesha miguu.
"Ninyeshe?"

"Ngoja," nikamwambia. "Fuko hajamaliza."