Swali la Rangi, Pacajus

Siku ya tatu ya sensa, saa sita kasorobo,
kishikwambi kimepata moto mikononi mwangu kama kikaango.
Nauliza kwa Edilza. Naoneshwa kwa kidevu:
nyumba ile isiyo na rangi.

Matofali matupu, hayajawahi kuonja chokaa.
Watu sita. Vyumba viwili. Choo ni cha jirani.
Maji ya bomba Jumanne na Ijumaa, yakikumbuka.
Najaza. Haya ni mepesi, yana idadi.

Halafu lile swali. Naligeuza kinywani kama kokwa:
Rangi yako, mama, ni ipi?
Nyeupe, nyeusi, kahawia, manjano, au mwenyeji wa asili.
Taja moja. Chombo hakipokei mbili.

Edilza anafuta mikono kwenye aproni.
"Ya lini?" anauliza.
"Cheti changu cha kuzaliwa kinasema kahawia.
Marehemu mume wangu, tulipokuwa tunapendana, alisema mdalasini,
tulipogombana alisema jingine.
Siku niliyokwenda benki kuomba mkopo wa bati
nilikuwa mweusi kabla sijafungua mdomo."

Anakunjua vidole mbele ya uso wangu.
Miaka kumi na tisa ya kubangua korosho;
mafuta ya ganda yamelamba ncha zote kumi,
zimekuwa laini kama kigae, hazina mstari hata mmoja.
"Kitambulisho kipya nilinyimwa. Mashine ilisema simo.
Leo serikali hiyo hiyo imekutuma uniulize rangi."

Yeye hubangua. Wengine, ndani, kwenye meza ndefu
chini ya taa kali, hubagua.
Nzima na nyeupe, kapu la kwanza: hiyo itapanda meli.
Iliyobabuka kidogo, kapu la pili.
Zilizovunjika, la tatu,
na chenga tunagaiwa sisi, zawadi ya Krismasi.

"Sasa sikiliza, karani.
Hakuna korosho iliyochumwa mtini ikiwa imebabuka.
Ni moto wetu. Ni sisi tuliochelewa kuipua.
Lakini mtu akikaa kwenye ile meza miaka na miaka,
akalipwa kwa ile meza, akasomesha watoto kwa ile meza,
huanza kuapa
kwamba punje ilizaliwa inalijua kapu lake."

Nimenyamaza.
Nakumbuka asubuhi tulipogawiwa maeneo:
Leopoldo na Heloísa, wenye ngozi ya maziwa,
wakapewa maghorofa ya ufukweni, Fortaleza, yenye lifti mbili,
moja ya wakazi, moja ya mizigo na wapishi.
Mimi, huku. "Wewe watakufungulia mlango,"
alisema msimamizi, akanipiga bega kwa upendo.
Nami nilishukuru.
Nilishukuru!

Mtoto wake wa mwisho, Damião, amesimama mlangoni na mpira.
Dada yake Rosilda, tumbo moja, baba mmoja,
ametoka mweupe kama tui.
Wakiingia supamaketi pamoja, mlinzi humfuata mmoja.
"Mimi niandike nyeusi," anasema mtoto. "Wameshaniandika."

Mama yake hacheki.
"Na mimi pia. Nyeusi. Bonyeza.
Si kwamba punje inalijua kapu, usije ukanielewa vibaya.
Ila nataka kapu nalo lihesabiwe:
limebeba wangapi, limelipwa kiasi gani,
na nani alilisuka."

Nikabonyeza.
Akanitilia mkononi korosho chache zilizobabuka
nikazitafuna njiani, utamu ule ule,
ulimi haukuniambia lolote.
Kwenye kona nikagusa "tuma".
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Mtaa huu hauna mtandao.
Jibu la Edilza lingali mfukoni mwangu,
linanichoma paja.