Maneno Nyuma ya Kalenda

Barua ya bima imefika pamoja na theluji,
kurasa sita, na Curtis bado amelala
kwenye sofa la marehemu mume wangu,
miguu nje ya blanketi, kama alipokuwa na miaka tisa.

Nimefanya ukarani miaka thelathini bandarini Duluth,
nimehesabu madini ya chuma, sijakosea hata behewa;
lakini karatasi hii inanisoma mimi,
si mimi ninayeisoma.
Nimegeuza kalenda ya duka la matairi. Nyuma ni nyeupe.
Nimechonga penseli.

Kiasi cha kujilipia kwanza:
dola elfu tatu na mia tano
kabla bima haijafumbua jicho.
Yaani mwavuli upo,
ila hufunguka ukishalowa.

Mtandao: orodha ya madaktari wao.
Dokta Haugen, ambaye Curtis alimwambia
kile asichoniambia mimi shangazi yake,
yuko nje ya mtandao.
Buibui naye ana mtandao;
sijasikia inzi akilalamika kuachwa nje.

Uraibu. Hili nililijua kwa majina mengine:
uzembe, laana, damu ya babake.
Nililitamka hivyo Siku ya Shukrani,
bata mzinga akipoa, mbele za watu.
Muuguzi wa kituo alinisahihisha: ni maradhi, Verna.
Nimeyafuta yale ya kwanza.
Karatasi inafutika. Meza ile, sijui.

Arosto: siku nne, ndoo, jasho la baridi,
mifupa ikidai deni ambalo haikukopesha.

Sonona: nilidhani ni huzuni iliyopewa shahada.
Kumbe huzuni hubisha hodi, hukaa, huaga.
Hii huhamia, hubadilisha kitasa.

Utambuzi pacha: sonona na vidonge chini ya paa moja.
Ukimfukuza mmoja,
mwenzake humfungulia dirisha.

Umuhimu wa kitabibu. Hapa nilipiga simu.
Dakika arobaini na moja za kinanda,
kisha kijana aliyejiita Brennan
akasema siku kumi na nne za kituo zimeidhinishwa,
kumi na nne zilizobaki hazina umuhimu.
Nikamuuliza: mwanangu,
siku ya kumi na tano mtu huwa amepona nini?
Kimya. Nilisikia mtoto mchanga akilia nyuma yake,
kumbe kazi anaifanyia nyumbani.
Halafu, kwa sauti ya chini:
"Mama, andika rufaa. Andika leo,
na umwombe daktari aandike yake."

Rufaa. Nimeipigia mstari mara mbili, penseli ikavunjika.

Kurudia: aliyeteleza kwenye barafu, kasema muuguzi,
hajasahau kutembea.
Nimeweka alama ya kuuliza.
Machi iliyopita ni mimi niliyemkuta bafuni,
midomo samawati,
nikahangaika na ile dawa ya puani
niliyopewa bure kanisani
na kuitupa chini ya mkoba kwa aibu.
Muuguzi anasema kweli, labda.
Lakini yeye hakupiga magoti kwenye vigae vile.

Nafuu. Neno la ajabu:
mgonjwa hupata nafuu, na bei nayo huwa nafuu.
Nimepekua kurasa zote sita
nitafute mahali nafuu hizi mbili zinapokutana.
Labda wameificha kwenye maandishi madogo.

Curtis ameamka. Amesimama nyuma ya kiti changu,
nywele timutimu, anasoma mwandiko wangu wa karani
pole pole, kidole kikifuata mistari.
Nilitaka kuifunika kalenda kwa kiwiko.
Amefika kwenye uraibu, pale palipofutwa,
ambapo laana bado inasomeka ukiinamisha karatasi.
Hakuguna. Ameomba penseli,
na kando ya neno ameandika tarehe tu,
Desemba ishirini na nane.

Kisha ameuliza kama kahawa imebaki,
na koleo la theluji nimeliweka wapi.