Naitwa Sikujua

Naitwa Sikujua.
Jina nilipewa na bibi, kule Maneromango,
nilipozaliwa wiki tatu kabla ya kutarajiwa
na hakuna aliyekuwa amechemsha hata maji.
Hapa Buguruni Malapa wanalikata: Siku.
Nami huwaza, siku ipi? Maana ziko
ambazo sitaki kuonana na mtu.

Si maringo.
Mama Chausiku mwenye nyumba anasema ni maringo.
"Fundi yule, salamu yake utadhani anakopesha,
tena kwa riba."
Nikifika kibarazani pao napunga mkono,
na maneno niliyoyapanga tangu kona ya duka la mkaa
yananiponyoka kama vifungo,
yanabingirika hadi uvunguni.
Usiku, taa imezimwa, nayaokota moja moja.
Hapo ndipo najibu. Najibu vizuri sana.
Hakuna anayesikia ila chandarua.

Niachie kitambaa.
Kitambaa hakiulizi, "mbona umenyamaza?"
Futikamba shingoni, pini mdomoni:
nani atamlaumu mwenye pini mdomoni?
Nimechagua kazi yenye udhuru.

Na watu, ukiwapima, husema wasichokisema.
Bega moja likishuka, najua mzigo uko upande gani.
Yule karani wa Ilala alileta suruali ipunguzwe kiuno,
inchi thelathini na sita imekuwa thelathini na mbili;
nikajua chakula hakipiti, na si kwa kufunga.
Sikumuuliza. Nilimwambia, utalipa mwisho wa mwezi.
Mwezi upi, hatukutaja.
(Ndiyo maana kodi yangu huchelewa.
Hapo Mama Chausiku ana haki yake.)

Kisha masika, mtaro umefurika,
akaja Tumwagile na shangazi watatu na maoni tisa.
Mkia uwe mrefu. Kifua kiwe wazi. Kifua kisiwe wazi.
Yeye kasimama juu ya stuli, mikono kainyoosha
kama mtu anayepekuliwa getini.
Nikazungusha futikamba. Akabana pumzi.
Wote hubana pumzi, wanatafuta wembamba.
Yeye alibana namna nyingine,
kama anayepita uani kwa watu usiku.
Nikaona. Sijui niseme niliona kwa nini,
si kwa macho,
nikaona.

Katika dunia ninayoishi kichwani
fundi anatema pini, anasema,
"Shangazi, hebu tokeni nje kidogo."
Dunia hiyo mitaro yake inapitisha maji,
kila mtu huulizwa mara mbili
na jibu la pili ndilo linaloandikwa.
Naijenga tangu darasa la nne.
Huku Buguruni nilisema:
"Ishirini na saba."

Nilishona masiku manne.
Ubavuni kulia, chini ya lesi,
nikaacha mfuko ambao hakuna aliyeuagiza,
wa kuingia kiganja kizima,
nikautia bitana ya kanga yangu ya zamani
iliyolainika kwa kufuliwa.
Mshono nikaurudia mara tatu.
Bei ile ile.

Aliolewa. Sikusema hadithi hii ina mlango.
Mwezi wa saba alileta begi lililoharibika zipu,
tukazungumza habari za zipu.
Alipofika kizingitini akageuka:
"Mkono wangu ulikaa mule siku nzima."
Nilikuwa na pini mdomoni.
Nikaitikia kwa kichwa.

Usiku ule umeme ulikatika, mtaa ukaguna, ukatulia.
Cherehani yangu ni ya miguu, haidai umeme.
Nikapinda sare ya mtoto wa jirani kwa mshumaa,
na jibu lake nikaanza kulitunga.
Nalitunga mpaka leo. Limekuwa refu,
lina mikono, lina kola,
limebaki vifungo tu,
na vifungo, nimeshasema,
viko uvunguni.