Ukuta wa Shamba, Chalt

Mehrangez amechomoa jiwe katika ukuta wa shamba.
"Huo aliujenga babu yangu!" baba anafoka,
viganja vimejaa aprikoti za kuanikwa.
Yeye hajibu. Kalilamba jiwe,
analichungulia kwa lenzi, jicho moja kalifumba.

Kijani. La mviringo. Kule juu, mlimani,
wenzake wamebanana kama mito:
si mito iendayo maji,
mito ya kulalia,
iliyorundikwa kitandani asubuhi ya sikukuu.

"Baba, huu ulikuwa moto, chini ya bahari.
Maji yakauchapa, ukaota ngozi,
ngozi ikapasuka, ukazaa mto mwingine,
nao ukaulalia wa kwanza kabla haujapoa."

"Bahari?" Baba anacheka. "Hadi Karachi
ni siku mbili kwa basi,
na gurudumu la akiba."

Lakini kila mto una ncha iliyoning'inia chini,
na "chini" ya enzi hizo sasa inatazama Rakaposhi.
Titani haba, alama ya maji ndani ya fuwele:
ndivyo sakafu ya bahari inavyotia sahihi
inapozama chini ya mwenziwe.
Juu yake visiwa vilisimama safu, vikifuka,
bila jina,
bila mtu wa kuviogopa.
Kisha mabara mawili yakavaana.
Nani angeziuliza nyasi?

Baba amelipokea jiwe. Analigeuza, analigeuza tena.
Analirudisha palepale penye pengo,
ila safari hii
ncha ameielekeza chini.