Mshiriki wa Kumi na Nne

Katika makala nilimwandika hivyo: mshiriki wa 14,
mwanamke, miaka themanini na mmoja,
hutumia mkono wa kulia, usikivu hafifu.
Maadili ya utafiti hayaruhusu zaidi.

Jina lake Ina Geekie.
Alikuja kwa basi kutoka Lochee, mvua ya Dundee ikimchapa ubavuni,
kwa ajili ya vocha ya pauni kumi na kikombe cha chai.

Nilimvika glavu yangu: mota ishirini,
kila moja kama punje ya mahindi,
nyaya zikining'inia mithili ya utumbo wa kuku.
Gusa kioo, nikamwambia, useme unahisi nini.
Hariri? Msasa? Gome la mti?
Akafumba macho. Akakaa kimya hadi nikatazama saa.
"Huyu wa kidole cha pete," akasema, "amechoka.
Anachelewa kuliko wenzake."

Nikacheka kwa adabu. Usiku nikapima.
Milisekunde kumi na moja.

Alikuwa mfumaji wa juti tangu ana miaka kumi na mitano,
kiwandani ambako mitambo ilinguruma mpaka masikio yakajifia
na wasichana wakasemezana kwa mikono:
msimamizi anakuja, hivi. Njaa, hivi.
Yule kijana wa kutia mafuta, hivi,
na hapo akaona haya,
vidole vikapepea hewani sekunde moja
ambayo kamera yangu haikuinasa.
Nilikuwa nimeizima, kuokoa betri.

Kwetu Korogwe baba alikata mkonge.
Mimi nimekuja huku kukata data,
miaka ishirini na sita,
nikiitazama dunia nzima ikijifunza kusugua kioo
kwa ncha ya kidole.
Makala yangu ya kwanza, sentensi ya kwanza, niliandika:
kidole kimoja hakivunji chawa.
Mhakiki wa pili akauliza,
chawa ana uhusiano gani na kompyuta?

Nikamfuta chawa. Makala ikapita.
Hilo nalijutia kuliko ruzuku zilizonipita,
kuliko uprofesa uliokuja nikiwa na mvi.

Ijumaa narudisha ufunguo.
Vijana sasa wanagusisha watu kwa hewa tupu,
mawimbi ya sauti yasiyosikika; huhitaji hata glavu.
Yangu imo ndani ya boksi la viatu,
mota ya kidole cha pete sikuibadilisha kamwe.

Jana kwenye kikao, mkuu wa idara alipokuwa bado koridoni,
mkono wangu ulijiinua wenyewe chini ya meza:
kiganja chini, vidole viwili, mpindo mmoja wa kifundo.
Sikusema neno.
Ruaridh, mwanafunzi wangu wa mwisho,
akaficha biskuti yake
na kugeukia mlango.