Elfu Mbili ya Penseli

Daftari la kwanza bado linanuka mafuta ya taa.
Ukurasa wa juu, mwandiko wangu wa zamani umelalia kulia:
Iliyoingia, 41,500.
Iliyotoka, nauli ya Bi Somoe, Newala hadi Ndanda hospitali,
kwenda na kurudi, na chai.
Iliyobaki tuliitia kwenye kopo la siagi,
tukaliita hazina bila kucheka.

Sasa madaftari ni manne. Nayapanga mezani
kama mtu apangavyo picha za mtoto mmoja:
hapa alirefuka, hapa aliugua.

Mwaka wa tano tulinenepa. Wafadhili walileta milioni tisa
na mwenyekiti Nandonde akanunua viatu vya kuingilia benki.
Lakini fedha ile ilikuja na jina lake: ya semina,
ya fulana, ya bango. Haikumpandisha mgonjwa basi hata mmoja.
Niliiandika kwa wino mwekundu, safu ya peke yake,
mgeni asiyelazwa chumba cha akiba.

Mwaka wa saba bei ya korosho ilianguka mnadani.
Wanachama walinikwepa sokoni,
nami niliwakwepa, tukawa sawa.
Usiku niligawa kilichobaki kwa matumizi ya mwezi:
mwezi mmoja na siku nne.
Siku nne! Nilizihesabu kwa vidole,
zikaisha kabla ya dole gumba.

Tangu hapo, kila msimu, kabla ya pilau ya mkutano mkuu,
natenga. Wananiita mkono wa birika. Sawa.
Mkono wa birika umefikisha miezi mitano na nusu.

Juzi mkaguzi, kijana Litunu, alikazia kidole
mstari unaovuka daftari hadi daftari:
elfu mbili, haijulikani ilikokwenda.
"Mama, si utoe mfukoni, uifute?"

Naweza. Ni mafungu mawili ya mhogo.
Lakini labda ni bodaboda ya usiku ule wa mvua,
yule mzazi wa Kitangari, nani angedai risiti?
Au niliipoteza tu, mimi, kwa uzembe.
Nikiifuta, hesabu itakaa vizuri
na itakuwa imedanganya kwa mara ya kwanza.

Nimeihamishia daftari la tano, kwa penseli.
Ncha ilivunjika kwenye sifuri ya mwisho.
Nikachonga, nikaimalizia.